Bunduki Nyepesi ya Bwana Karibu

Danson Mwasaru alikuwa na bega moja juu na jingine chini. Watu wa Sagalla waliomjua tangu ujana walisema kwamba alizaliwa sawasawa kama watu wengine, na kwamba lile bega la kulia liliteremshwa na Bwana Karibu, polepole, kwa muda wa miaka minne, bila ubaya wowote.

Bwana Karibu halikuwa jina lake. Kwenye barua zake aliitwa Whitcombe, na alikuwa meneja wa shamba la mkonge upande wa Ndara, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka stesheni ya Voi. Wageni waliposikia wafanyakazi wakimtaja hivyo, walidhani wamepata mzungu mkarimu. La. Bwana alipenda kuwinda kuliko alivyopenda mkonge, na kila alipofyatua risasi mnyama akaenda zake, alishusha bunduki, akamgeukia Danson na kusema kwa Kiswahili chake cha kitabuni, "Karibu!" Alikusudia kusema kwamba amekaribia kumpata. Swala wa Ndara walikwisha kuzoea kukaribishwa namna hiyo. Walipomwona hawakukimbia tena kwa hofu, walisogea kando kidogo kwa heshima.

Danson ndiye aliyekuwa mbeba bunduki. Bunduki yenyewe ilikuwa ya mitutu miwili, urithi kutoka kwa ami yake Bwana, ambaye inasemekana aliwahi kuua tembo nayo, na tembo hayupo wa kuulizwa. Ilikuwa na uzito wa ratili kumi na nne kabla ya kutiwa risasi. Bwana aliitumia kwa swala, na siku moja kwa kanga. Huyo kanga ndiye mnyama pekee aliyepatwa barabara mwaka ule, na kilichopatikana baada ya kutafuta sana kilikuwa manyoya matatu na ukucha.

Utaratibu wa kuwinda ulikuwa huu. Bwana alitangulia, mikono mfukoni, akipiga mluzi wa chinichini. Danson alifuata nyuma, akiwinda kwa bega. Mnyama akionekana, Bwana alinyoosha mkono nyuma bila kugeuka, kama mtu anayengoja kikombe cha chai mezani, na bunduki ilitakiwa iwepo kiganjani. Baada ya kukosa, bunduki ilirudi begani kwa Danson, na mikono ya Bwana ikarudi mfukoni kupumzika.

Kilichomchekesha Danson, siku ambazo aliweza kucheka, ni kwamba bunduki alizijua kuliko watu wote wa shamba lile. Wakati wa vita alikuwa askari wa Keya, jeshi la Mwingereza, kule Burma, akawekwa chini ya sajini wa kutengeneza silaha. Kwa miaka miwili alifungua na kufunga bunduki za watu, mvua ikimpiga mgongoni na tope likimfika magotini, mpaka akawa anaweza kusikia komeo likivutwa akasema ni la nani na lina ugonjwa gani. Alirudi nyumbani na nishani moja na barua ndefu ya sifa. Alipoomba kazi shambani, karani aliigeuza ile barua, akatazama nyuma yake kama kuna kitu, kisha akamuuliza, "Unaweza kubeba?"

Akasema anaweza. Akaandikwa mbebaji.

Sheria nayo ilikuwa na huruma zake. Mwafrika aliruhusiwa kubeba bunduki ya bwana wake kutwa nzima, kuifuta vumbi, kuipaka mafuta na kuilaza kabatini kama mtoto mchanga. Lakini kuifyatua bila kibali lilikuwa jambo la kwenda kueleza mbele ya D.C., na miaka ile ya Hali ya Hatari maelezo kama hayo hayakuwa mafupi.

Mambo yalibadilika mwaka hamsini na sita, mwezi wa Julai, pale Bwana alipofyatua mitutu yote miwili kwa pamoja. Alikuwa amemlenga pofu, yule swala mkubwa kama ng'ombe. Pofu alibaki amesimama. Bwana hakubaki amesimama. Aliruka kinyumenyume akakaa kwenye mkonge mchanga, na mkonge, kama kila anayeujua anavyojua, una miiba kwenye ncha. Wakataji thelathini walikuwa karibu, na wote thelathini walikumbuka kwa wakati mmoja kwamba walikuwa na kazi ya kuinamia.

Siku tatu Bwana alikula akiwa amesimama. Siku ya nne Memsabu, mkewe, alisema maneno ambayo Danson aliyasikia kutoka kwenye kabati la bunduki, ambako alikuwa akisafisha.

"Ama bunduki hiyo iondoke nyumbani humu, ama mimi."

Bwana alifikiri kwa muda mrefu kuliko inavyostahili, kisha akatuma habari kwa Jivan.

Jivan alikuwa mfanyabiashara wa Voi, mzaliwa wa hapo hapo, mwenye duka la mablanketi, mafuta ya taa, misumari na, kwa leseni iliyotundikwa ukutani, bunduki. Jumamosi iliyofuata alifika na gari lake, bunduki tatu zimelala kiti cha nyuma. Zote zilikuwa za komeo, zile ambazo mtu huvuta chuma nyuma kwa mkono kutoa ganda la risasi, kisha akakisukuma mbele kuingiza nyingine. Na kwa kuwa Bwana hakupenda kufanya jambo zito bila mtaalamu, alikuwa amemwalika Kapteni Lorimer.

Kapteni Lorimer alipigana vita vyote ndani ya ofisi moja Nairobi, akihesabu viatu. Kwa hiyo alikuwa na maoni kuhusu silaha.

"Danson, shika hii," Bwana akasema. Danson akashika. "Shika na hii." Akashika. Ya tatu akaining'iniza begani. Basi akasimama pale kwenye veranda, saa nzima, kama mti wa kutundikia makoti, huku mabwana wakimzunguka na bilauri zao.

Bunduki ya kwanza ilikuwa nzuri hadi ikatia haya. Simba wawili walikuwa wamechongwa ubavuni mwake, mmoja ananguruma na mwingine anasikiliza, na mti wa kitako uling'aa kama meza ya askofu. Ya pili ilikuwa na mtutu mrefu na darubini juu yake, kiasi kwamba Danson alijiuliza kama ni ya kuwinda au ya kutazamia mwezi. Ya tatu ilikuja imefungwa kwa gunia. Ilikuwa fupi, nyembamba, mti wake una mikwaruzo, haina simba hata mmoja. Mwenyewe alikuwa mzungu wa Taveta aliyewinda miaka mingi upande wa Njukini, akafa kitandani mwake kwa uzee, na mjane wake akaipeleka kwa Jivan kwa gari moshi ili auze. Jivan aliileta kwa sababu kwenye gari palikuwa na nafasi.

Danson alipoipokea hiyo ya tatu, mkono ulipanda juu wenyewe. Ulikuwa umejiandaa kwa uzito, na uzito haukuja. Ratili sita na nusu, akakadiria. Labda pungufu. Bega lake la kulia, ambalo halikuwa limetumainia chochote tangu mwaka hamsini na mbili, likaanza kutumaini.

Kapteni alikuwa anaeleza kwa Kiingereza. Danson alikijua Kiingereza, alikipata Burma, lakini hakuna aliyewahi kumuuliza, naye hakuona haja ya kujitangaza.

"Uzito ndio kila kitu," Kapteni alisema. "Bunduki nzito hutulia. Nyepesi hukupiga teke, kisha inapepesuka. Hiyo ya gunia ni ya akina mama."

Memsabu, aliyekuwa akishona karibu, akainua macho, kisha akayarudisha kwenye sindano.

Sasa, Kapteni hakuwa amesema uongo mtupu. Ni kweli bunduki nyepesi humrudishia mpigaji ngumi begani, na ndiyo maana mtu mwenye akili huangalia inakula risasi gani kabla ya kuisifu kwa wepesi wake. Lakini Danson alikuwa amekwisha kuchungulia alama kwenye mtutu. Risasi za ile ya gunia zilikuwa ndogo, za kiasi, zenye mwendo mzuri na hasira kidogo. Zilimtosha swala, zilimtosha pofu akipigwa mahali pake. Ile ya simba, pamoja na uzito wake wa ratili kumi, ilikula risasi za kuangusha nyumba. Tena Danson alivuta makomeo yote matatu taratibu, kama anayefuta vumbi. Ya simba ilikuwa imebana sana, chuma juu ya chuma bila hata nafasi ya unywele. Huko ilikotengenezwa labda huo ndio ufundi. Huku Voi, ambako vumbi jekundu huingia hata ndani ya yai, huo ni msiba. Ya mjane iliteleza mbele na nyuma kama mlango wa nyumba inayokaliwa.

"Nafikiri ni hii ya simba," Bwana akasema.

Danson akaliona bega lake likizikwa.

Aliyemwokoa ni Memsabu. Hakuinua macho safari hii. "Kwa nini msimuulize Danson?" akasema. "Si yeye ndiye anayebeba?"

Mabwana wakamtazama kama vile amependekeza waulizwe ng'ombe. Jivan akakohoa. Bwana, ambaye kwa kweli hakuwa mtu mbaya, akacheka na kusema kwa Kiswahili, "Haya, Danson. Wewe naona nini?"

Danson alijua kwamba akiisifu ile nyepesi, imekwisha. Akakunja uso.

"Bwana, mimi ni mbebaji tu. Lakini hii ya gunia haikufai."

"Kwa nini haifai?"

"Ina maringo, Bwana. Bunduki nzito inajipigia yenyewe, mtu yeyote anaweza kuishika. Hii inataka mtu aliyezaliwa na mkono. Meja wetu kule Burma alikuwa na moja kama hii, wala hakumpa afisa mwingine aiguse. Alikuwa akisema si ya watu wa kawaida."

Meja huyo hakuwahi kuwepo. Meja aliyekuwepo Burma aliwinda chawa, na kwa vidole.

"Si ya watu wa kawaida," Bwana akarudia polepole, akimtazama Kapteni pembeni mwa jicho.

"Kuna namna ya kujua, Bwana," Danson akaendelea kwa huzuni. "Meja alikuwa akifumba macho. Anaishika bunduki chini hivi, anatazama kitu, anafumba macho, anaipandisha begani, kisha anafumbua. Kama macho yako yameangukia palepale kwenye shabaha, bunduki ni yako. Kama yanatazama mbinguni au chini, ni ya mtu mwingine. Lakini Bwana asijisumbue."

Bwana alijisumbua papo hapo. Alitazama tangi la maji, akafumba macho, akaipandisha ile ya simba. Alipofumbua alikuwa amelenga dirisha la jikoni, na mpishi akainama. Ile ya darubini haikupanda kabisa, ilinasa kwenye kwapa. Kisha akachukua ile ya mjane. Bwana alikuwa na mikono mifupi, jambo ambalo hakuna rafiki aliyewahi kumwambia, na marehemu wa Taveta pia lazima alikuwa nayo mifupi. Bunduki ilipanda ikakaa. Akafumbua macho, na ncha ya mtutu ilikuwa katikati ya tangi kama imepigiliwa msumari.

"Ajabu," Danson akasema.

Wakaenda kujaribu nyuma ya nyumba, hatua mia, karatasi imebandikwa juu ya gunia la mchanga. Lori la mkonge lilikuwa limepita na vumbi lilikuwa bado linaelea. Kapteni alipiga ya simba mara moja, akatoboa gunia, akavuta komeo apige tena. Komeo likafika nusu njia likakataa. Alivuta, akatukana, akaliwekea goti. Simba mmoja alinguruma, mwingine alisikiliza.

Bwana Karibu alipiga ya mjane mara tatu. Matundu yote matatu yangeweza kufunikwa kwa kisahani cha chai. Alikwenda mwenyewe hadi kwenye karatasi, akayatia kidole moja moja, na aliporudi uso wake ulikuwa wa mtoto siku ya Krismasi. Danson, aliyekuwa amejiandaa kumcheka moyoni, akashindwa. Maskini, mtu huyu alikuwa ametumia bunduki isiyo ya kipimo chake maisha yake yote, na kila mtu akamwita mjinga.

"Nimeichagua mwenyewe," Bwana akamwambia Kapteni.

"Ndiyo, Bwana," Danson akasema. "Hata mimi nimeshangaa."

Majuma matatu yaliyofuata yalikuwa ya neema. Swala, waliokuwa bado wanasogea kando kwa heshima, walipata habari mbaya. Wafanyakazi walikula nyama Jumamosi mbili mfululizo, na Mwanzia, nyapara, Mkamba asiyesifu kitu kwa urahisi, alisema kwamba shamba sasa lina bwana. Danson alitembea nyuma ya Bwana akiwa na bunduki begani kama mtu aliyebeba mwavuli. Jioni alifika nyumbani na nguvu za kuchanja kuni.

Jumatatu ya nne Bwana alimwita verandani. Alikuwa ameishika bunduki katikati, kwa mkono mmoja, akiipandisha na kuishusha.

"Danson, nimefikiri."

Neno hilo Danson alikuwa amejifunza kuliogopa tangu Keya.

"Hii bunduki iko nyepesi sana. Mimi naweza kubeba mwenyewe."

Danson akaitazama ile bunduki. Akakumbuka meja, na kufumba macho, na ufundi wote alioutumia. Hakuna mtu katika wilaya nzima aliyewahi kujifukuza kazi kwa ustadi kama ule.

"Ndiyo, Bwana," akasema.

Akapewa barua. Ilisema kwamba Danson ni mwaminifu, halewi, na anaweza kubeba ratili kumi na nne kutwa nzima bila kulalamika.

Alipanda mlima wa Sagalla mchana ule, akamkuta mkewe Jedidah akipura maharagwe. Jedidah alimsikiliza hadi mwisho bila kuacha kupura.

"Kwa hiyo ulichagua vizuri, Baba Alice."

"Nilichagua vizuri sana."

"Na ungechagua vibaya?"

"Ningekuwa kazini."

"Nilisikia mhubiri akisema hekima ni bora kuliko silaha za vita," Jedidah akasema. "Hakusema inalipwa na nani. Haya, shika fimbo, hapa nako kuna kazi ya mabega."

Akapura maharagwe siku sita. Siku ya saba, asubuhi, Mwanzia alitokea kwenye njia ya mlimani, anatweta, kofia mkononi.

"Danson, ndugu yangu, Bwana amepotea."

"Amepotea wapi?"

"Kama tungejua wapi angekuwa amepotea? Alitoka jana alfajiri na bunduki yake, peke yake. Amesema anarudi chai ya saa nne. Memsabu hajala. Tumepiga kengele, tumewasha moto, tumeita. Hakuna."

Jedidah alimpa Danson maji ya njiani bila kuulizwa, maana haikuwa siku ya mzaha. Nyika ile ya Ndara ilikuwa na simba wa kweli, si wa kuchongwa, na jua lake halina urafiki na mtu asiye na maji.

Kabla ya kuingia porini Danson alipita nyumbani kwa Bwana, akamwomba Memsabu afungue kabati. Alitaka kujua Bwana amechukua risasi ngapi, ili ajue milio mingapi ya kutegemea. Droo ya bunduki mpya ilikuwa imejaa, kisanduku hakijaguswa. Droo ya pili, ya risasi zilizobaki baada ya Jivan kuondoka na lile zinga la bunduki ya ami, ilikuwa tupu. Danson alisimama pale akitazama. Kwa miaka minne yeye ndiye aliyetia risasi mifukoni kila asubuhi. Bwana hakuwahi hata kujua droo ipi ni ipi.

"Ni mbaya?" Memsabu akauliza.

"Si nzuri, Memsabu. Lakini bunduki haina kosa."

Wakaingia porini yeye na Mwanzia. Nyayo za Bwana zilikuwa rahisi, viatu vyake vilikuwa na misumari mingi kuliko mlango wa gereza. Zilikwenda moja kwa moja hadi bonde kavu, kisha zikaanza kupinda kushoto, zikapinda zaidi, zikazunguka hadi zikarudi pale zilipoanzia. Hapo Danson akachuchumaa.

"Nini?" Mwanzia akauliza.

"Hapa ameziona nyayo zake mwenyewe, akazifuata. Tazama, mguu wa pili unakanyaga kwa ncha. Ananyatia."

"Anamnyatia nani?"

"Anajinyatia."

Mwanzia akafunika mdomo kwa kofia. Wakamfuata Bwana akijiwinda mzunguko mzima, hadi mahali ambapo nyayo zilikata upande, zikawa ndefu ghafla, za mtu anayekimbia. Kando yake palikuwa na nyayo za kifaru, pana, za jana. Danson hakucheka tena. Akaongeza mwendo, akaanza kutafuta kwa macho kitu cha rangi ya kaki chini ya vichaka.

Walimkuta juu ya mgunga. Jinsi mtu mnene anavyopanda mgunga, mti ambao hata nyani huufikiria mara mbili, ni siri ya Mungu. Nguo zilikuwa matambara, midomo imepasuka, lakini alikuwa mzima. Chini ya mti bunduki ilikuwa imelala mchangani, salama salimini. Bwana alipowaona alitikisa mkono kwa nguvu na kunong'ona.

"Simama! Kifaru! Iko pale! Tangu jana!"

Danson akageuka taratibu kufuata kidole. Mbali kidogo, nyuma ya vichaka, kulikuwa na kitu kikubwa, cha kijivu, kimenyamaza, kina pembe. Akakitazama. Kisha akaangalia nyayo za kifaru mwenyewe, zilizopita chini ya mti bila kusimama na kuelekea mtoni, na mavi yake yaliyokauka tangu jana mchana.

"Bwana," akasema kwa upole, "kifaru yule namfahamu. Yuko pale tangu nilipokuwa mdogo."

"Nini?"

"Ni kichuguu, Bwana. Nyumba ya mchwa."

Kimya kirefu kikateremka kutoka kwenye mgunga. Baadaye kidogo Bwana naye akateremka, kwa matawi, mwiba kwa mwiba, Mwanzia akipokea miguu. Akanywa maji ya Jedidah yote. Kisha akatoa mfukoni risasi za ami yake, kila moja nene kama kidole gumba, akaziweka kiganjani mwa Danson.

"Haziingii," akasema. Danson akaona kwamba mtu huyu alikuwa amekaa usiku kucha mtini akiamini atakufa. "Nilijaribu sana. Nikajaribu kwa jiwe."

"Kwa jiwe hazitaingia, Bwana. Twende nyumbani."

Danson akaiokota bunduki, akapuliza mchanga kwenye komeo, akalivuta. Likateleza. Bwana akanyoosha mkono aichukue, miguu yake ikakataa, basi Danson akaitia begani mwake na Mwanzia akambeba Bwana. Kila mtu alikubali kwamba Danson ndiye aliyepata mzigo mwema.

Klabuni, juma lililofuata, ilisimuliwa jinsi Bwana alivyomkabili kifaru kwa usiku mzima bila kupoteza hata risasi moja. Hakuna neno la uongo humo.

Siku aliyoweza kukaa kitini, Bwana alimwita Danson mbele ya Memsabu na kumwambia arudi kazini.

"Kubeba nini, Bwana?" Danson akauliza. "Bunduki hii haihitaji mbebaji. Bwana mwenyewe ameona."

"Basi beba risasi."

"Risasi ishirini si mzigo wa mtu mzima. Mimi ni fundi. Nipe karakana, na ufunguo wa kabati la bunduki ukae kwangu." Akatoa ile barua ya Keya, iliyokuwa imeanza kukatika mikunjo, akaiweka mezani.

Bwana aliisoma. Akaisoma tena. Uso wake ukawa mwekundu kuanzia shingoni. "Ulikuwa na hii siku zote?"

"Tangu siku ya kwanza, Bwana. Karani aliiona nyuma."

"Mpe ufunguo," Memsabu akasema.

Hivyo ndivyo Danson Mwasaru alivyoacha kubeba. Alitengeneza mashine za kukamua mkonge, na siku ambazo Jivan alipata bunduki mpya, alitumiwa gari limchukue. Wakulima wa mkonge wa Taveta walikuja, na wenye mashamba ya Mboghoni, na mzee mmoja wa Njukini aliyekuwa na macho ya kuku jioni. Danson aliwafumbisha macho wote, mmoja mmoja, katikati ya duka la mablanketi. Wenye mikono mirefu aliwanyima bunduki fupi, na wenye maneno mengi aliwapa ile yenye komeo gumu, wapate kazi ya kufanya. Kapteni Lorimer pia alikuja. Alitoka na bunduki ya ratili saba, na kusema kwamba tangu zamani yeye ni mtu wa bunduki nyepesi.

Mwaka hamsini na tisa Bwana na Memsabu walirudi kwao. Asubuhi ya kuondoka Bwana aliiweka ile bunduki ya mjane mezani, akasimama akiitazama.

"Ningekupa wewe," akasema, "lakini sheria."

"Najua, Bwana."

"Omba kibali. Nitakuandikia barua."

Akaandika kweli, barua nzuri. Danson akajaza fomu na kuipeleka, maana kule Sagalla nyani na nguruwe pori walikuwa wanakula mahindi yake bila kuomba kibali popote. Bunduki ikakaa dukani kwa Jivan ikingoja. Miezi kumi na mmoja ikapita. Jibu lilipokuja lilikuwa na mihuri miwili, kutoka ofisi ambayo hakuwahi kuisikia. Alilisoma kwa sauti shambani, Jedidah akiwa ameegemea jembe.

"'Ombi lako limekataliwa, kwa kuwa mwombaji hana ujuzi wa kutosha wa bunduki.'"

Jedidah akaomba aione. Akaigeuza, akatazama mihuri, akamrudishia.

"Wameandika vizuri," akasema. "Lakini wangeandika haraka kidogo, Baba Alice. Nyani wameingia upande ule wa chini."

Danson akaikunja barua, akaitia mfukoni, akaokota mawe mawili, akashuka mbio kuelekea kwenye mahindi akipiga kelele.